Mehboob Khan: Kutoka Zizi la Farasi Hadi Mother India

Mwaka jana nilifunga safari kutoka Pwani hadi Gesima, katika vilima vya Nyamira, kumzuru rafiki yangu wa zamani, mwalimu mstaafu aliyesomesha Mombasa miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Sisi wawili tuliunganishwa na jambo moja tu, nalo ni kupenda sinema. Enzi hizo ikija picha mpya ya Kihindi, hatukuuliza ina nani wala inahusu nini. Tulikata tikiti kwanza, maswali baadaye.

Gesima ni nchi ya mvua, chai na migomba. Mashamba yamelala juu ya miteremko mikali, na wanawake wenye vikapu mgongoni huchuma majani chai tangu asubuhi, kisha huyapeleka kituoni kupimwa. Alasiri ya siku ya pili mvua ilitufungia ndani. Tulikuwa tumekwisha kula ugali wa wimbi na mboga ya mgagani, ambayo wenyewe huiita chinsaga, na mwenyeji wangu akaona hapana dawa ya mvua ila picha. Akatia Mother India katika televisheni. Wajukuu wakakaa chini mkekani, na mama yake mzazi, ajuza wa miaka themanini na kitu ambaye wajukuu humwita magokoro, akavuta kiti chake karibu na mlango.

Bibi yule hajui Kihindi hata neno moja, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Lakini alipomwona Radha amefungwa nira shingoni akivuta jembe la plau mahali pa ng'ombe, aliacha kazi iliyokuwa mikononi mwake. Na ilipofika pale mkopeshaji anapochukua robo tatu ya mavuno ikiwa ni riba tu, deni lenyewe likabaki pale pale, alimwuliza mwanawe kwa Ekegusii swali moja: huyu aliyeitengeneza picha hii, aliwahi kulima, au aliwahi kudaiwa?

Rafiki yangu alinigeukia mimi. Nikajibu nilivyojua, naye akafasiri. Leo nataka kuwajibu na wasomaji wangu kwa utulivu zaidi, maana wengi wetu hapa Pwani tulilizwa na mtu yule bila hata kulijua jina lake. Sisi tuliwajua mastelingi tu.

Jina lake ni Mehboob Khan. Alizaliwa mwaka wa 1907 huko Bilimora, katika nchi ya Gujarat, nyumba ya Waislamu wasio na mali. Gujarat si mbali na sisi. Bandari zake ndizo zilizoleta majahazi yaliyotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja kwa mamia ya miaka, na wengi wa wafanyabiashara waliofungua majumba ya sinema katika miji yetu wana asili ya huko. Elimu ya skuli hakuipata ya kutajika. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusimulia hadithi kwa mdomo, na waandishi wakazitia katika karatasi.

Akiwa bado kijana aliingia Bombay kutafuta riziki. Inasimuliwa kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa katika zizi la farasi la mtu mmoja aliyekuwa akiwakodisha wanyama hao kwa watengenezaji wa picha, na yeye akawa fundi wa kupigilia vyuma vya kwato. Basi mlango wake wa kuingia katika sinema ulikuwa mlango wa nyuma, unaonuka kinyesi cha farasi. Akaziona kamera kwa mbali, na moyo ukanasa.

Baadaye akapata kazi katika kampuni ya Imperial ya Ardeshir Irani, akiwa mchezaji wa pembeni, wale wasiotajwa majina. Mwaka wa 1927 kampuni hiyo ilitengeneza picha bubu ya Ali Baba na wezi arubaini, kisa tunachokijua kutoka Alfu Lela u Lela, na Mehboob akawa mmoja wa wale arubaini. Mtu akiitazama picha ile asingeweza kumtambua. Mwaka wa 1931 Ardeshir Irani alipotengeneza Alam Ara, picha ya kwanza ya Kihindi iliyosema, Mehboob alifikiriwa kupewa nafasi ya stelingi, lakini nafasi hiyo akapewa Master Vithal, aliyekuwa na jina kubwa wakati ule. Mwingine angelivunjika moyo akarudi kwao. Yeye alibaki, na pengine kukosa kule ndiko kulikomfaa, maana lau angepata, huenda leo tungekuwa na jina moja zaidi la mchezaji aliyesahauliwa, na tusingekuwa na Mother India.

Mwaka wa 1935 alipewa na kampuni ya Sagar nafasi ya kuongoza picha yake ya kwanza. Aliita Al Hilal, yaani mwezi mwandamo, na habari yake ni vita baina ya Waislamu na Warumi. Kutoka hapo hakurudi nyuma. Mwaka wa 1940 alitoa Aurat, maana yake Mwanamke, kisa cha mama mkulima aliyelemewa na deni. Stelingi wake alikuwa Sardar Akhtar, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake wa pili. Mwaka wa 1942 akatoa Roti, yaani Mkate, picha ya kuwasuta wenye mali wanaohodhi chakula ilhali wenzao wanalala njaa.

Mwaka wa 1943 alianzisha kampuni yake mwenyewe. Alama yake ilikuwa nyundo na mundu, na watu wengi wakamdhania mkomunisti. Hakuwa mwanachama wa chama chochote cha kikomunisti. Alikuwa mtu wa kusali, na pamoja na alama ile ilisikika beti ya Kiurdu yenye kumkumbusha mtu kwamba mwenye kupanga ni Mwenyezi Mungu, hata maadui wakitaka vingine. Nyundo na mundu kwake vilikuwa vyombo vya fundi na mkulima, na yeye mwenyewe alikwisha kuishika nyundo kabla ya kuishika kamera. Alikuwa na jicho la kutambua vipaji. Katika picha yake Taqdeer ya mwaka huo huo wa 1943 alimpa nafasi ya stelingi binti wa miaka kumi na minne tu, aliyeitwa Nargis.

Sasa niruhusiwe kusema yangu kuhusu picha zake, maana mpenzi wa sinema asiyekuwa na upendeleo huyo si mpenzi, ni karani.

Anmol Ghadi ya mwaka wa 1946 naipenda kwa masikio kuliko kwa macho. Humo mna Noor Jehan na Suraiya, sauti mbili katika picha moja, na muziki ni wa Naushad. Mwaka uliofuata India ikakatika vipande viwili, Noor Jehan akahamia Pakistan, na Mehboob akabaki Bombay. Kila nikizisikia nyimbo zile nakumbuka kwamba walioziimba na kuzitunga walikuja kutenganishwa na mpaka. Sisi watu wa taarabu tuna deni kwa Naushad na wenzake. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2014, aliimba mashairi mazito ya Kiswahili juu ya tuni za Kihindi, na waliokuja baada yake wakafuata njia hiyo.

Andaz ya mwaka wa 1949 ni picha ambayo kila mtu huisifu, nami nitatofautiana nao kidogo. Ni kweli ndiyo picha pekee iliyowakutanisha Dilip Kumar na Raj Kapoor, na Nargis katikati yao. Mchezo wao hauna kasoro. Lakini mwisho wake waniudhi. Nina ni msichana aliyeishi kwa uwazi, akamchekea mwanamume asiyekuwa mchumba wake bila ya nia mbaya, na mtengenezaji akaamua kumtia jela ili awe funzo kwa wasichana wengine. Wanaume wawili wale walikuwa na makosa yao, lakini hesabu yote akafungiwa yeye. Nimeitazama mara nne, na kila mara naona Mehboob hapo alikuwa hakimu aliyesikiliza upande mmoja.

Aan ya mwaka wa 1952 ni ya furaha. Ilikuwa ya rangi, wakati rangi ni jambo la ajabu katika picha za Kihindi, na ilionyeshwa mpaka London. Nadira, binti wa Kiyahudi wa asili ya Baghdad, alipata jina kwa picha hiyo, akawa binti mfalme mwenye kiburi. Dilip Kumar ni mwanakijiji anayemfuga farasi wake asiyefugika, kisha akamfuga na mwenyewe. Sisi watoto tulitoka ukumbini tukipanda fimbo za ufagio. Sikujua wakati ule kwamba aliyewapanga farasi wale alianzia maisha kwa kuinama chini ya kwato zao.

Tuje kwenye Mother India ya mwaka wa 1957. Mehboob aliirudia hadithi yake ya Aurat, safari hii kwa rangi, na kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Jina alilichagua makusudi. Mwaka wa 1927 mwandishi wa Kimarekani, Katherine Mayo, alitoa kitabu chenye jina hilo hilo, cha kuwadhalilisha Wahindi na hasa wanawake wao. Mehboob akalichukua jina lile la matusi akalivika joho la heshima. Hiyo ndiyo njia ya washairi wetu pia: neno la adui hulipindua, likamrudia mwenyewe.

Habari yake nadhani wengi mnaijua. Mama mkwe wa Radha aliweka rehani shamba ili apate rupia 500 za arusi. Mkopeshaji Sukhilala aliandika alivyotaka, maana wakulima hawajui kusoma. Mume akapondwa mikono na jiwe, akaona aibu, akaondoka asirudi. Ikaja gharika, ikaja njaa, watoto wakafa, na Radha akabaki na wavulana wawili na jembe. Sukhilala akamtaka kwa ubaya, akakataa. Mtoto mmoja, Ramu, akatoka mtulivu. Wa pili, Birju, akatoka na moto kifuani, na jambo lililomchoma kuliko yote ni bangili za mama yake zilizokuwa mikononi mwa mkopeshaji. Akawa jambazi, akamwua Sukhilala, na akamteka binti yake siku ya arusi. Hapo mama akachukua bunduki, akampiga mwanawe.

Zingatieni walioitengeneza. Kisa ni cha wakulima wa Kihindu, na mila zinazoonyeshwa ni zao. Lakini mwongozaji ni Mwislamu, Nargis alitoka katika nyumba ya Kiislamu, muziki ni wa Naushad, na maneno ya nyimbo ni ya mshairi Shakeel Badayuni. Ni miaka kumi tu tangu damu imwagike baina ya jamaa hizo mbili. Wao hawakutoa hotuba ya umoja. Walifanya kazi pamoja, kazi ikasema.

Wakati wa kupiga picha ile, mwaka wa 1957, moto wa majani makavu ulimzunguka Nargis kweli kweli, na Sunil Dutt, aliyecheza kama mwanawe Birju, akaruka ndani akamtoa. Mwaka uliofuata wakaoana. Mwaka huo wa 1958 Nargis alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike huko Karlovy Vary, na picha ikawa ya kwanza ya India kuingia katika tano zilizoshindania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni. Ikashindwa na picha ya Fellini wa Italia, na inasemekana tofauti ilikuwa kura moja. Hata hivyo ilitembea ulimwengu: Urusi, Ugiriki, Kano kule Nigeria, na kwetu huku kutoka Unguja hadi Mombasa.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto mdogo, katika onyesho la wanawake. Zama hizo mama zetu walitengewa siku zao, na watoto wa kiume waliruhusiwa maadamu hawajabaleghe. Ukumbi ulijaa buibui na harufu ya asumini. Bangili za Radha zilipokwenda kwa mkopeshaji, mama yangu alilia mpaka mtandio ukarowa. Nikadhani anamlilia Radha. Asubuhi yake mwalimu wa chuo alipata habari kwamba nilikuwa sinema, na nyayo zangu zikazila fimbo. Sikumtaja mama, naye mwalimu hakuuliza.

Miaka mingi baadaye, baada ya mama kufariki, ndipo dada yangu mkubwa aliponambia kwamba wakati ule bangili zake mwenyewe, za arusi yake, zilikuwa rehani kwa mtu, kwa ajili ya kodi ya nyumba na dawa za baba. Hazikurudi. Tulisoma chuoni kwamba riba ni haramu, na Surat al-Baqara tuliihifadhi na maonyo yake. Lakini uso wa riba, na namna inavyokaa sebuleni mwa mtu na kunywa chai yake, mimi niliuona kwanza katika picha ya Mehboob Khan. Mwalimu wangu alikuwa na haki ya kutuchunga, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Nasema tu kwamba siku ile fimbo yake na picha ile zilikuwa zikifundisha somo moja.

Baada ya Mother India, Mehboob hakupanda tena juu hivyo. Mwaka wa 1962 alitoa Son of India, akimtanguliza Sajid Khan, mtoto wa kimaskini aliyemchukua akamlea kama mwanawe, na ambaye ndiye aliyecheza kama Birju mdogo. Nia ilikuwa njema, lakini picha haikuwavuta watu, nami sijapata kuitazama mara ya pili. Serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Shri mwaka wa 1963. Alikuwa na niya ya kutengeneza picha ya Habba Khatoon, malkia mshairi wa Kashmir wa karne ya 16. Kwa mtu wa mashairi kama mimi, hiyo ndiyo picha ninayoisikitikia zaidi katika picha zote zisizotengenezwa.

Tarehe 27 Mei 1964 Waziri Mkuu Nehru aliaga dunia. Siku ya pili yake, tarehe 28, moyo wa Mehboob Khan ukasimama, naye akiwa na umri wa miaka 56. India ilikuwa katika msiba wa kiongozi wake, na msiba wa fundi ukapita chini chini. Alizikwa Bombay, katika makaburi ya Waislamu. Studio aliyoijenga Bandra mwaka wa 1954 ina jina lake.

Narudi Gesima. Nilimwambia bibi yule kwamba mtu huyu hakuwa mkulima, alikuwa fundi wa kwato za farasi, lakini alizaliwa katika umaskini. Akatikisa kichwa, akatazama mbele. Ilipofika pale penye bunduki, rafiki yangu nami tukaanza ule ubishi wetu wa miaka arubaini. Yeye husema Radha alifanya haki, maana sheria haina mtoto wa kuzaa. Mimi siku zote nimesema kwamba hapana mama wa kweli awezaye, na kwamba hapo Mehboob alitaka sanamu, akamwacha mtu.

Bibi akatunyamazisha. Alisema, kwa mdomo wa mwanawe, kwamba sisi wanaume tunamwangalia Birju tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja yule bi arusi aliyechukuliwa juu ya farasi. Baba yake alikuwa dhalimu, lakini yeye hakumkopesha mtu, na naye ana mama. Kisha akasimama, akachukua ndoo yake, akaenda kukama ng'ombe, maana mvua ilikuwa imepungua.

Nimeitazama picha ile tangu utotoni, na jina la binti yule, Rupa, ilinibidi niulize. Kwa hiyo hukumu yangu ya miaka arubaini naiondoa. Sijui kama ningeweza kufanya alivyofanya Radha, na sidhani mama yangu angeweza, lakini nafahamu sasa alikuwa akimtazama nani alipoinua bunduki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mehboob Khan, amsamehe yenye makosa katika kazi yake, na awarehemu mama zetu ambao bangili zao hazikurudi.